Siku Nilipowasugua Wanyama wa Bibi

Walikuwa watano, na wote wangeenea kwenye sinia moja ndogo ya kahawa. Paka aliyeketi wima, mkia kauzungushia miguuni. Kwarara, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda. Kozi, yule ndege mwindaji, kifua mbele. Nguchiro aliyesimama kwa miguu ya nyuma, mikono kainua juu, utadhani anaomba dua. Na wa mwisho, mdogo kuliko kidole changu cha kati, kirukanjia, yule mfano wa panya mwenye pua ndefu, kakaa juu ya kisanduku cha shaba kilichozibwa pande zote. Walitoka Misri ya kale. Kuna fundi aliyewasubu kwa shaba miaka elfu mbili na zaidi kabla mimi sijazaliwa, na mimi niliwaharibu wote kwa alasiri moja. Haya, nimeshasema. Sasa nieleze ilivyokuwa.

Mwenyewe alikuwa bibi wa Kiingereza, mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba kubwa Sutton Coldfield, huko kwa wenye nazo. Mumewe ujanani alifanya kazi ya reli Misri, akawanunua wanyama wale mmoja mmoja katika duka moja la Kairo. Mimi nilimjulia wodini. Nilikuwa nimefika Birmingham kutoka Mombasa mwaka wa sitini na nane, nikapata kazi ya usaidizi hospitalini, kumwaga vyoo vya wagonjwa na kubadilisha mashuka, naye akaletwa kavunjika nyonga. Wagonjwa wengine walilalamika mikono yangu ni baridi. Yeye aliniuliza kwetu paka anaitwaje. Alipotoka akaniomba nikamtunze kwake siku sita kwa wiki, nikakubali. Nilimwita Bibi, nikamweleza kwamba ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu, akasema jina hilo analipenda kuliko lake.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba kimoja Ladywood, kwa mwenye nyumba aliyebandika karatasi mlangoni: watoto hapana. Na mimi nilikuwa na mtoto. Binti yangu nilimwacha Mombasa kwa mama yangu akiwa na miaka miwili, baada ya baba yake kuniacha na kuoa kwingine. Kila barua ya mama iliuliza jambo moja tu: lini? Na watu wa uhamiaji nao walikuwa na lao moja: mtoto atalala wapi? Sikuwa nataka dhahabu wala gari, wallahi. Nilitaka chumba ambacho mtoto anaruhusiwa kulia.

Na chumba kilikuwako. Juu ya gereji ya Bibi kulikuwa na vyumba viwili vidogo vyenye bomba na jiko, zamani vya dereva. Vilikuwa vitupu. Kila mwezi nilipanda kuvifagia, nikasimama katikati nikapima kwa macho: kitanda changu hapa, cha mtoto pale chini ya dirisha. Lakini sikuomba. Kwetu nilivyolelewa, mtu haombi nyumba ya watu. Unafanya kazi yako kwa adabu, unangoja mwenyewe akuone, akukaribishe. Nikangoja miaka miwili. Ala! Waingereza hawa hawaoni kitu mpaka ukiseme, na mimi sikulijua hilo. Nilidhani Bibi ananiona na amenyamaza makusudi, nikawa naumia kimoyomoyo huku namchekea.

Mwaka wa sabini na mbili Wahindi wakafukuzwa Uganda. Walifika hapa na baridi, kila mtu na sanduku lake moja, wakawekwa kwenye kambi za zamani za wanajeshi. Kanisa la Bibi likakusanya makoti, na Bibi akanituma mimi Mwislamu niende ukumbini nikawe mkalimani, kwa kuwa alisikia wanasema Kiswahili. Nikaenda na kilemba changu kipya. Kumbe! Wale watu Kiingereza chao kilikuwa bora kuliko changu mara kumi. Nimesimama pale sina kazi, mama mmoja wa umri wangu, kavaa sari na soksi za kiume, akanigeukia akasema, bila hata kufikiri, "Ayah, lete ile koti."

Ayah ndilo jina walilowaitia yaya na watumishi wa kike, na mimi nina hasira za karibu. Nikamwambia, "Ayah ni mamako!"

Ukumbi mzima ukatugeukia. Yule mama akaziba mdomo kwa mkono. Halafu akaanza kulia, na kilio chenyewe si cha koti wala cha mimi, kilikuwa cha miezi mingi. "Samahani, dada," akasema. "Mimi zoea vibaya." Kampala alikuwa na duka, na nyumba, na watumishi watatu, na Kiswahili alichokijua kilikuwa cha kuwatuma hao watumishi. Nikamletea koti. Tukacheka baadaye, tukawa marafiki hasa. Lakini lile neno lilibaki mahali fulani ndani yangu. Nalisema hapa kwa sababu nadhani lilifanya kazi yake.

Alikuwa na mume na mama mkwe mzee mwenye kikohozi kibaya. Kambini walilala kwenye ukumbi, mablanketi yamening'inizwa kuwa kuta. Nikarudi nikamhadithia Bibi, na nikiri, nilihadithia kwa mbwembwe, nionekane nina moyo mzuri. Nikamwiga yule mzee anavyokohoa. Bibi akaweka kikombe chini akasema, "Lakini vipo vile vyumba juu ya gereji!"

Miaka miwili nangoja, na watu hata hajawaona wamepewa kwa dakika moja. Ningeweza kusema palepale. Nikasema, "Vizuri sana, Bibi, Mungu atakulipa." Na mimi mwenyewe ndiye niliyepandisha mapazia. Wakaja, wakakaa bila kodi, naye yule dada akawa anasafisha nyumba asubuhi tatu kwa wiki huku mimi napika na kumtunza Bibi.

Sitaki mdhani nilimchukia. Tulikuwa tunakaa jikoni saa nne, yeye na chai yake ya tangawizi, mimi na mandazi yangu, tukasemana vibaya mpaka tunashika mbavu. Namwambia, "Kiswahili chako kimevunjika miguu yote miwili." Ananijibu, "Na Kiingereza yako iko kaburini." Mumewe alipata kazi kiwandani. Mama mkwe alikaa dirishani juu ya gereji, kikohozi kikapungua. Walipona pale, kwa kweli. Kila nilipotazama juu nikaona lile dirisha lina taa, nilifurahi, na papo hapo nilikasirika. Barua za mama yangu ziliendelea kuja.

Turudi kwa wale wanyama. Walikaa kwenye rafu ya sebuleni, na kila jioni kabla sijaondoka kukimbilia treni, Bibi alinifundisha habari zao nami nikamfundisha Kiswahili. Alijua majina yao kwa Kiswahili, na "kirukanjia" alilitamka polepole kama mtu anayeonja supu ya moto. Aliniambia Wamisri waliwatengeneza kuwapelekea miungu yao, na kwamba ndani ya kile kisanduku amelala kirukanjia mwenyewe, wa kweli, kafungwa sanda tangu siku hizo. Akimwinua, anamtikisa sikioni mwangu: chakacha, chakacha. Nami nikacheka tu. Nilidhani ni hadithi za mumewe, au ni changarawe.

Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Mwaka wa sabini na tatu akawa hamtambui paka na kozi mpaka awapapase. Nami nilikuwa nawaona vizuri. Wote walikuwa weusi weusi, rangi ya tope, na sehemu zimeota kijani. Yule kwarara kijani kilikuwa kimemjaa chini ya tumbo, ukimgusa kinatoka unga.

Sasa nieleze mambo ya kwetu, msije mkaniona mwendawazimu. Mombasa, siku chache kabla ya Idi, shaba yote ya nyumba hutolewa uani: masinia, mabuli, mrashi, chetezo. Huoshwa kwa ukwaju na majivu, husuguliwa kwa kumbi la nazi mpaka ujione uso. Mama yangu akiingia nyumba ya mtu, kabla hata ya salamu kwisha, jicho lake limeshakwenda kwenye sinia. Akiona kijani pembeni, akirudi nyumbani anasema, "Yule mwanamke mvivu, maskini mumewe." Kijani kwenye shaba ni aibu. Mimi niliona ile rafu nikajionea aibu mwenyewe, maana mtunzaji wa nyumba ile alikuwa ni mimi. Na Bibi alikuwa amenikataza nisiwapanguse, hilo nalo niliseme. Nilidhani anakataza kwa adabu tu, kwamba hataki kunichosha.

Oktoba akalazwa kupasuliwa macho, siku kumi. Ramadhani ilikuwa inakwisha. Nikawaza: atarudi na macho mapya, wa kwanza kuwaona awe ni nani? Wale wanyama wake, waking'aa kama walivyong'aa siku walipotoka kwa fundi. Nilifurahia wazo lile mpaka nikawa naimba. Nikapanda juu ya gereji na bakuli, nikamwomba yule dada ukwaju. "Nataka kuosha shaba ya Idi," nikasema. Alifurahi. Diwali ilikuwa juma lilelile, naye alikuwa amemaliza kuosha taa yake ndogo ya shaba, kitu pekee cha nyumbani alichokuja nacho. Akanipa chupa nzima. "Chukua yote dada. Yangu imekwisha safi."

Nikaloweka ukwaju kwa maji ya moto na chumvi. Nikachota majivu kwenye meko ya kuotea moto sebuleni. Kumbi sikuwa nalo, nikatumia sifongo ya waya ya kusugulia masufuria. Ya Rabi. Kile kijani kilitoka povu, kisha ule weusi ukaanza kubanduka, na chini yake ikatokea shaba nyekundu, safi, nikasema Mashaallah. Nilisugua mpaka mabega yanauma. Paka alikuwa amechorwa mkufu shingoni kwa mistari myembamba; nilipomaliza mkufu haukuonekana sana, nikajiambia utaonekana akikauka. Mwili wake ulikuwa na vishimo vishimo kama mtu aliyepona ndui. Kirukanjia nilimtumbukiza mzima kwenye maji ya moto na kisanduku chake. Upande mmoja ukaachia. Maji yakatoka kahawia, yana nyuzi nyuzi za kitambaa, na kwenye tundu la sinki vikabaki vijifupa, vyembamba kuliko vya dagaa.

Nilivitazama. Nilijua. Ile chakacha yote ikanirudia kichwani, nikasimama na bomba linamwagika. Nikasema astaghfirullah, nikavisukuma kwa kidole vikaenda na maji. Kwa nini sikuvitoa? Nilitaka viondoke machoni pangu, basi. Nikaziba kile kisanduku kwa nta ya mshumaa, nikawapanga rafuni mmoja mmoja, nikaacha chupa ya ukwaju dirishani jikoni.

Bibi alirudi siku tatu baadaye, kaletwa na mpwa wake, mwanamume wa makamo aliyejua mambo ya vitu vya kale. Bibi alivaa miwani minene kama vitako vya glasi. Alikuwa na furaha ya mtoto. Mlangoni alinishika mashavu akasema, "Kumbe una alama hapa! Miaka mitatu sikuwahi kuiona." Akatazama majani ya mti, akatazama vidole vyake. Nikamvuta mkono, "Njoo Bibi, njoo sebuleni." Mjinga mimi, nilikuwa bado natarajia kusifiwa.

Aliona. Alimshika paka, akamgeuza, akampitisha kidole shingoni akitafuta ule mkufu. Akamrudisha. Akamchukua kirukanjia, akamweka sikioni, akatikisa. Akatikisa tena. "Ameondoka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

Mpwa ndiye aliyepiga kelele. Kwa ukali wake nikaelewa kile ambacho hakuna aliyewahi kunieleza: ule weusi na ule kijani haukuwa uchafu. Ilikuwa ngozi yao. Ilikuwa ndio ile miaka yenyewe, imewashika polepole ardhini, na ukishaibandua hairudi, hata wakae miaka elfu mingine. Akaenda jikoni kwa hasira, nikasikia anafungua makabati. Akarudi na ile chupa, ina karatasi yenye maandishi ya Kigujarati, makokwa ya ukwaju chini.

"Hii si ya yule mwanamke wa juu?" akaniuliza. "Nimemwona akipikia."

Nikasema, "Ndiyo. Ukwaju ni wake."

Hakuna aliyeniuliza nani kaosha. Maneno yangu yalikuwa ya kweli neno kwa neno, na nilikuwa mkweli wa namna hiyo siku ile. Niliona wameelewa nini. Niliona na nikanyamaza. Niliwaza binti yangu, hilo siwezi kukana. Bibi akinifukuza, ile barua aliyoahidi kuwaandikia watu wa uhamiaji kwamba nina kazi ya kudumu imekufa. Lakini kabla ya binti yangu, kwa nukta moja hivi, lilipita lile neno la ukumbini, lete ile koti, nikasema moyoni: na yeye aonje.

Wakamwita. Akaja akijifuta mikono kwa pindo la sari, akidhani anaitwa kumkaribisha Bibi, kamletea na peremende za Diwali kwenye sahani. Mpwa akamuuliza kama amewaosha wale wanyama. Akasema hapana. Chupa hii ya nani? Yangu. Akanitazama. Mimi nilikuwa natazama zulia, nalijua lile zulia mpaka leo, lina maua ya zambarau na moja limeungua kwa kaa la moto. Akasema tena, "Si mimi," kwa Kiingereza chake kile kizuri, na hakuongeza neno. Bibi akamwambia, "Ungekiri tu, ningekusamehe." Kisha akaomba apelekwe kitandani. Ile sahani ya peremende ilibaki mezani hadi kesho yake, nikaitupa mimi.

Walipewa wiki moja wahame.

Siku ya tatu ya wiki hiyo, nampelekea Bibi uji, akaniambia nikae. Akasema amekuwa akifikiri. Akasema, "Wewe una mtoto, sivyo? Mbona hukuwahi kuniomba vile vyumba?" Bibi wa watu alikuwa hajui kabisa kwamba navitaka, miaka yote ile. "Wakiondoka hawa, mlete mwanao." Mdomo wangu ulikuwa wazi, maneno yalikuwa tayari, nilihitaji tu kuyaachia. Juu ya gereji nilisikia wanaburuta sanduku. Nikasema, "Ahsante, Bibi." Na nilipofika jikoni nililia kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, hapo ndipo ninapojiona mchafu kuliko mahali pengine popote.

Waliondoka Jumamosi mchana. Mume na mama mkwe walitangulia na gari la mizigo la mtu wa kanisani. Yule dada alibaki nyuma kufagia, kisha afuate kwa basi. Mimi nilijitia kazi chumba cha nyuma, nikakunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Sikutoka kumuaga. Nilijiambia atakuwa hataki kuniona. Nilipopanda baadaye nilikuta kafagia mpaka chini ya jiko.

Binti yangu alikuja mwaka uliofuata, ana miaka minane, hanijui. Alilala chini ya lile dirisha. Mwezi wa kwanza alikuwa akiniita "shangazi". Tukazoeana pole pole, akaanza shule, na baada ya mwaka nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Siku moja akafungua mtoto wa meza sebuleni akawakuta wale wanyama, maana Bibi alikuwa amewaficha ili yeye mwenyewe asiwaone. "Mama, mbona paka huyu anang'aa vizuri hivi!" Bibi akasikia akasema amwachie acheze nao, angalau yupo mmoja anayewapenda. Binti yangu akawapanga mstari kwenye zulia. Mimi nikaenda kusimama uani bila koti.

Bibi aliugua mwaka wa sabini na sita, kiangazi kile cha joto lisilo la kawaida, majani ya Sutton yote yamekauka. Siku mbili kabla hajafa nilikuwa nimemshika mkono. Akasema mwenyewe, bila mimi kuanza, "Unajua kilichoniuma si wanyama. Ni vile yule rafiki yako alivyokana machoni pangu. Nilikuwa nampenda." Nikasema, "Pumzika, Bibi." Nilikuwa karibu naye hivi, ningenong'ona tu. Sasa nilikuwa naogopa nini? Mtoto alishafika. Karatasi zilishatoka. Sikuwa na kisingizio hata kimoja. Nilijiambia namhurumia, nisimvuruge mtu anayekufa, na huo nao ulikuwa uongo. Nilitaka afe akinipenda mimi.

Mpwa akauza nyumba, tukarudi Ladywood, mimi na binti yangu, safari hii kwenye ghorofa za baraza la mji.

Yule dada nilikutana naye mwaka wa sabini na nane, sokoni Bull Ring, kwenye meza ya mboga. Yeye ndiye aliyeniona. Nilikuwa nimeinama nachagua bamia, nikasikia, "Dada. Wewe nenepa." Alikuwa na mvi mbele, na koti zuri la bluu. Nikamkumbatia kabla sijafikiri, naye akaniacha nimkumbatie. Akauliza, "Mtoto yako ilikuja?"

"Alikuja. Ana miaka kumi na miwili sasa."

"Lala ile rumu juu ya gereji?"

"Ndiyo. Miaka miwili."

"Vizuri," akasema. "Ile rumu iko joto. Sisi naenda Castle Vale, gorofa ya kumi. Lifti kila siku haribika. Mama mkwe yangu hapana weza ngazi. Yeye hapana shuka chini mwaka mzima. Kufa huko huko juu." Hakusema kwa kunilaumu. Alikuwa ananipa habari za nyumbani, kama watu wanavyopeana.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia hapo hapo, kati ya bamia na karoti, watu wanatupiga vikumbo: "Dada, ni mimi niliyewaosha wale wanyama."

"Mimi jua. Nani ingine? Wewe kuja na bakuli, taka ukwaju, mimi pa wewe."

"Sasa mbona hukusema?"

"Mimi ngoja wewe sema." Akaweka kikapu chake chini, akanyoosha vidole ahesabu. "Siku ile mimi simama kwa stendi, nje ya geti. Basi moja imekuja, mimi hapana panda. Mbili, hapana panda. Mimi sema, sasa dada atatoka. Tatu imekuja. Halafu mvua."

Nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa kila neno ninalolijua, nikataja na lile la ukumbini, la ayah, nikamwambia nilikuwa na kinyongo. Hata hakulikumbuka. Nilishika mkono wake mpaka mwenye meza akatutazama. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mimi jua zamani. Ambia mimi iko faida gani? Mama mzee je? Wewe ambia mama mzee?"

"Bibi alifariki. Miaka miwili sasa."

"Mbele ya kufa, wewe ambia yeye?"

Nikatikisa kichwa.

Akachukua fungu la kotimiri, akalinusa, akalitia kikapuni, akamlipa mwenye meza. "Basi yeye imekufa," akasema, "yeye jua ni mimi."

"Ndiyo," nikamwambia.